SOMO LA NYAMA NGUMU: ROSTI KATIKA JIKO LA UMEME LA PRESHA, NA HESABU YAKE KWA CHAMA

Madhumuni ya somo

Somo hili lina madhumuni matatu. La kwanza ni kueleza kwa nini nyama ya mnyama aliyekomaa huwa ngumu, na jinsi jiko la umeme la presha linavyoilainisha kwa muda mfupi. La pili ni kuonyesha hatua kwa hatua namna ya kupika rosti la nyama hiyo bila kuiharibu na bila mpishi kujidhuru. La tatu, ambalo ndilo kubwa kwa chama cha ushirika, ni kumwezesha Katibu na Kamati yake kupima kama jiko la namna hii linastahili fedha za wanachama au halistahili.

Makatibu wanashauriwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama kwa sehemu, kisha kuyajadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Nyama ya Gando

Katika shehia ya Gando, Wilaya ya Wete, nyama si kitoweo cha kila siku. Kitoweo cha kila siku ni samaki, na pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na miamba ikabaki wazi. Nyama huingia nyumbani kwa Idi, kwa harusi, kwa hitima, na siku anapofika mgeni wa heshima. Mnyama anayechinjwa siku hizo mara nyingi si mchanga. Huwa ni beberu aliyekwisha komaa, au ng'ombe aliyevuta gari miaka mingi hata nguvu zikampungua. Nyama yake ina ladha nzuri, lakini ni ngumu, na mpishi hukaa mbele ya mafiga saa tatu au nne akichochea kuni.

Nyama ya porini ina tabia hiyo hiyo, na zaidi. Paa hakai zizini akanenepa. Hukimbia siku zote, na kwa hiyo mnofu wake hauna mafuta na nyuzi zake zimekazana. Lakini ni lazima ielezwe wazi kwamba paa wa Pemba, yule mdogo anayeishi katika msitu wa Ngezi, si kitoweo cha somo hili. Misitu ya Zanzibar na viumbe vyake vinalindwa kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 1996, na paa waliobaki ni wachache, hivyo kuwalinda ni wajibu wa kila mwananchi. Tanzania Bara iliweka kanuni mwaka 2020 za kuruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyamapori, na anayepika nyama ya namna hiyo huko Bara anaweza kuzifuata hatua zilizomo humu. Kwa Gando, beberu mzee anatosha kuwa mwalimu.

2. Kwa nini nyama huwa ngumu

Katibu anayetaka kulieleza jambo hili kwa wanachama na achukue kipande cha mguu wa mbuzi, akitazame. Ataona nyuzi nyekundu, nazo ndizo mnofu. Baina ya nyuzi hizo, na juu yake, ataona utando mweupe na kano. Utando huo ndio unaozishika nyuzi pamoja. Mnyama anapozeeka, na kiungo kinapofanya kazi nyingi, utando huzidi kukaza. Ndiyo sababu nyama ya paja na ya bega ni ngumu kuliko ya mgongoni, na nyama ya beberu ni ngumu kuliko ya mwanambuzi.

Utando huo ukipata joto pamoja na maji kwa muda wa kutosha, huyeyuka ukawa ute. Kila aliyekunywa supu ya makongoro anaujua ute huo: ndio unaonata midomoni, na ndio unaoifanya supu igande ikipoa. Basi kuilainisha nyama ngumu si kazi ya moto mkali peke yake, bali ni kazi ya joto, maji na muda. Nyama iliyowekwa juu ya makaa makali itaungua nje kabla utando wa ndani haujayeyuka. Kwa upande mwingine, mnofu usio na mafuta ukipikwa kupita kiasi huchambuka nyuzi nyuzi na kukauka mdomoni hata kama umo ndani ya mchuzi. Mpishi hodari ni yule anayesimama mahali utando umekwisha yeyuka na mnofu haujakauka.

3. Kazi ya presha

Maji yanayochemka katika sufuria iliyo wazi, mahali palipo sawa na bahari kama Gando, hayapiti nyuzi joto 100. Moto ukiongezwa, maji hayazidi joto. Yanazidi tu kugeuka mvuke na kupotea. Kwa hiyo anayeongeza kuni chini ya sufuria inayochemka tayari anapasha hewa ya jikoni, wala hailainishi nyama upesi zaidi.

Sufuria ikifungwa kifuniko kisichopitisha mvuke, mambo hubadilika. Mvuke uliozuiwa huyakandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa huchemka kwa joto kubwa zaidi. Katika majiko ya umeme ya presha yanayouzwa madukani, joto hilo kwa kawaida hufika baina ya nyuzi 110 na 120. Tofauti hiyo ya nyuzi kumi au ishirini huonekana ndogo, lakini utando wa nyama huyeyuka upesi sana kwa joto hilo, na kazi ya saa tatu hupungua ikawa chini ya saa moja.

Elimu hii si ngeni. Mfaransa aitwaye Denis Papin alitengeneza sufuria ya namna hiyo huko London mwaka 1679, akalainisha mifupa ndani yake, na baadaye akaweka vali ya kutolea mvuke ili chombo kisipasuke. Sufuria za presha za kuweka juu ya moto zilikuja zikaenea duniani, na baadhi ya nyumba za Zanzibar zinazo hata leo. Kilicho kipya ni kwamba jiko la umeme linajipima lenyewe. Ndani yake mna kifaa kinachohisi joto na kukandamizwa kwa mvuke. Kiasi kikitimia, umeme hukatika, na kikipungua, umeme hurudi. Jiko limezungukwa na ganda linalozuia joto lisitoke. Kwa sababu hizo mbili, jiko lililoandikwa wati 1,000 halili wati 1,000 kwa muda wote wa kupika. Hula nyingi mwanzoni, kisha hula kidogo kidogo.

4. Namna ya kupika rosti

Kipimo hiki ni cha jiko la lita sita, ambalo ndilo la kawaida kwa nyumba.

Vitu vinavyohitajiwa: nyama ya paja au bega la mbuzi, kilo moja na nusu, katika mapande mawili au matatu makubwa, vitunguu maji vitatu, tungule tatu, kitunguu thomu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko kimoja cha kulia kila kimoja, ndimu moja, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, karafuu nne, zisizidi, kwa maana karafuu ndani ya chombo kilichofungwa hutoa ukali wake wote, chumvi, mafuta vijiko vitatu, na maji kikombe kimoja na nusu. Anayependa na aandae tui zito la nazi, kikombe kimoja.

Hatua ya kwanza. Nyama isuguliwe kwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili manga, ikae muda wa saa mbili mahali pa baridi. Ikiwa nyumbani hamna friji, muda huo upunguzwe uwe nusu saa, kwani nyama mbichi haifai kukaa katika joto la mchana.

Hatua ya pili. Jiko liwashwe likiwa wazi, kwa kitufe cha kukaangia. Mafuta yakipata moto, mapande yakaangwe kila upande hadi yawe na rangi ya kahawia. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka, na kisha hulalamika kwamba nyama ya presha ina ladha ya kuchemshwa. Ndani ya chombo kilichofungwa mna maji na mvuke tu, na mvuke haukaushi wala hauipi nyama rangi. Harufu na rangi ya rosti hupatikana kabla ya kifuniko kufungwa, au hazipatikani kabisa.

Hatua ya tatu. Nyama itolewe kando. Vitunguu vikaangwe katika mafuta yale yale, kisha tungule, mdalasini na karafuu. Maji yatiwe, na chini ya sufuria pakwanguliwe vizuri kwa mwiko wa mti. Makoko yaliyoganda yakiachwa, jiko litahisi kwamba chakula kinaungua na litajizima, au litaunguza kweli.

Hatua ya nne. Nyama irudishwe, kifuniko kifungwe, vali ya mvuke igeuzwe upande wa kufunga. Kwa mapande makubwa ya beberu mzee, dakika 45 zinatosha kwa kawaida. Kwa nyama iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kitoweo cha mchuzi, dakika 25 hadi 30. Pande zima la nyamapori la kilo mbili huhitaji kiasi cha saa moja. Dakika hizo huhesabiwa tangu presha ilipotimia. Kabla ya hapo jiko huchukua muda wa kujaza mvuke, na muda huo ni juu yake.

Hatua ya tano. Muda ukitimia, jiko liachwe lipoe lenyewe kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa. Mvuke ukitolewa ghafla, maji yaliyomo ndani ya mnofu hutoka kwa nguvu, na nyama hukaza. Subira ya dakika hizo ndiyo huilinda nyama isiyo na mafuta.

Hatua ya sita. Nyama ichomwe kwa uma. Ikiwa bado inakataa, ifungwe tena kwa dakika 10. Ikiwa imekubali, itolewe, na mchuzi uchemshwe wazi hadi uwe mzito. Tui la nazi hutiwa wakati huu, si mapema, kwa sababu tui lililofungwa ndani ya presha hukatika na kushika chini. Nyama ipumzike dakika 10, kisha ikatwe kwa kukingama na nyuzi zake, isikatwe kwa kufuata urefu wa nyuzi.

5. Hadhari

Jiko la presha ni chombo salama likitumiwa kwa adabu yake, na ni chombo cha hatari likilazimishwa. Mambo yafuatayo yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi na kubandikwa ukutani karibu na jiko, kwa maana maandishi ya vitufe na ya kijitabu chake mara nyingi huwa ya lugha ya kigeni.

(a) Sufuria ya ndani isijazwe kupita theluthi mbili. Kwa maharage, kunde, choroko na mchele, isipite nusu, kwa sababu vyakula hivyo huvimba na hutoa povu linaloweza kuziba njia ya mvuke.

(b) Kifuniko kisifunguliwe kwa nguvu. Kipini kidogo cha juu kikiwa kimepanda, ndani mna mvuke. Kikishuka chenyewe, kifuniko kitafunguka chenyewe bila mapambano.

(c) Vali ya mvuke igeuzwe kwa mpini wa mwiko, si kwa kidole, na uso uwe mbali. Watoto wasiwe karibu.

(d) Mpira wa kifuniko na njia ya mvuke vioshwe kila mara. Mpira uliopasuka haushoni wala haugandishwi, hubadilishwa.

(e) Jiko la wati 1,000 lichomekwe ukutani moja kwa moja, katika soketi yenye waya wa ardhini. Lisiunganishwe kwa waya mwembamba wa kurefushia unaobeba pia friji na pasi.

(f) Umeme ukikatika katikati ya kupika, jiko lisifunguliwe upesi. Ukirudi baada ya muda mfupi, kazi iendelee, na kipimo cha dakika kiangaliwe upya, kwani majiko mengine huanza mwanzo na mengine hukaa kimya. Ukikawia kurudi, chakula kihamishiwe kwenye moto mwingine. Nyama nusu mbivu isiachwe katika uvuguvugu hadi kesho yake.

6. Kipimo kabla ya maneno

Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2010, kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Serikali nayo imeweka lengo kubwa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mashirika kama TaTEDO ya Dar es Salaam yamefanya majaribio ya majiko haya katika nyumba za Watanzania na kuonyesha kwamba yanafaa hasa kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu.

Hata hivyo, habari njema ya Taifa haijawa bado hesabu ya nyumba moja ya Gando. Hesabu hiyo hupatikana kwa kupima, na kipimo chake ni rahisi. Mita ya TUKUZA huonyesha yuniti zilizobaki. Vifaa vingine vyote vizimwe, friji ikiwa mojawapo. Mita isomwe kabla ya kuwasha jiko, na isomwe tena chakula kikiiva. Ikiwa ilikuwa 41.8 na sasa ni 41.2, chakula kile kimekula sehemu sita za kumi za yuniti moja. Kwa kawaida rosti la somo hili, pamoja na kukaanga kwake, halitapita yuniti moja.

Katibu na afungue daftari lenye safu sita: tarehe, chakula, uzito, mita kabla, mita baada, na dakika zilizotumika. Vipimo kumi vya nyumba tatu vitamfaa zaidi kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Upande wa pili wa daftari uandikwe kuni au makaa yaliyotumika kwa chakula hicho hicho, na bei yake kama yalinunuliwa.

7. Hesabu ya chama

Mwanachama anaweza kufika mbele ya Kamati ya chama cha akiba na mikopo akaomba mkopo wa kununua jiko. Kamati itaamuaje? Na uchukuliwe mfano ufuatao. Bei zake ni za kujifunzia tu. Kila chama kitatia bei za kwake.

Jiko ni sh. 180,000. Makaa ya kuivisha chungu kimoja cha chakula kigumu ni sh. 1,500. Umeme wa chungu hicho ni yuniti 0.6, kwa sh. 400 kila yuniti, yaani sh. 240. Faida ya kila chungu ni sh. 1,260.

Nyumba inayopika chakula kigumu mara tatu kwa wiki itaokoa sh. 3,780 kila wiki, na jiko litajilipa kwa wiki 48, yaani miezi kumi na moja hivi. Nyumba inayopika mara moja kwa wiki itahitaji wiki 143, karibu miaka miwili na miezi tisa. Na nyumba inayopika nyama mara moja tu kwa mwezi itaokoa sh. 15,120 kwa mwaka, na itahitaji karibu miaka kumi na miwili. Jiko litakufa kabla ya deni.

Kutokana na hesabu hiyo, fundisho la kwanza ni kwamba jiko la presha halinunuliwi kwa ajili ya rosti la Idi. Hununuliwa na nyumba iliyo tayari kulitumia kwa kunde, maharage, choroko, mbaazi na pweza. Pweza ni ndugu wa beberu katika ugumu, na dakika 15 hadi 20 za presha humlainisha bila kupigwa sana mwambani. Rosti ni zawadi ya jiko. Kunde ndizo zinazolipa deni.

Fundisho la pili ni zito zaidi, na Kamati nyingi zaweza kulisahau. Na yasikilizwe mazungumzo haya ya mfano, baina ya Katibu na mama mmoja mwanachama:

"Bi Mkubwa, jiko hili litakupunguzia gharama ya kuni."

"Bwana Katibu, kuni mie sinunui. Naziokota. Sasa hiyo gharama itakayopungua ni ipi?"

"Utapata nafasi. Saa tatu za kuokota na kuchochea zitakuwa zako."

"Nafasi nitaipata, na naitaka. Lakini mwisho wa mwezi nikuletee nafasi hapo mezani, utaniandikia kuwa nimelipa?"

Swali la mama huyo ni la haki. Anayenunua makaa huokoa fedha, na fedha iliyookolewa hulipa deni. Anayeokota kuni haokoi fedha hata senti. Anaokoa muda na mgongo wake, na juu ya hayo anaongeza matumizi mapya ya umeme. Kwa bei za mfano, vyungu vitatu kwa wiki ni sh. 37,440 kwa mwaka, ambazo zamani hazikutoka mfukoni mwake. Basi Kamati isimnyime mkopo kwa sababu hiyo, wala isimpe kwa kufumba macho. Imuulize: saa zilizopatikana zitakwenda wapi? Ikiwa zitakwenda kwenye mwani, kwenye ushoni, au kwenye bustani ya mboga, na mapato hayo yanajulikana katika vitabu vya chama, mkopo una msingi. Ikiwa zitakwenda katika kupumzika, hilo nalo ni jema, kwani mwanamke wa shamba ana haki ya kupumzika. Lakini jiko hilo na linunuliwe kwa akiba, lisinunuliwe kwa deni.

Fundisho la tatu ni la mali isiyoandikwa katika daftari la mtu mmoja. Kuni zinazoitwa za bure zina mwenyewe. Sehemu yake hutoka katika mikoko ya pwani, na mikoko ndiyo makulio ya samaki wadogo na kamba, na ndiyo ngome ya fukwe dhidi ya mawimbi. Mvuvi wa Gando anayepata samaki wachache mwaka hadi mwaka analipa bei ya kuni ambazo hakuzikata. Kwa sababu hiyo chama kinaweza kuamua, katika mkutano mkuu, kusaidia sehemu ya bei ya jiko kutoka mfuko wake wa maendeleo. Uamuzi huo ni halali ukifanywa wazi na kwa kura. Si halali ukifanywa na viongozi watatu barazani.

8. Wajibu wa Katibu na Kamati

Chama kikiamua kununua kwa pamoja, mambo haya yazingatiwe.

Kwanza, bei ziulizwe kwa wauzaji wasiopungua watatu, na majibu yawekwe katika faili. Faida ya ushirika ni kununua mengi kwa bei ya jumla. Chama kinachonunua kwa bei ya rejareja kimewapotezea wanachama faida hiyo.

Pili, ihakikishwe kwamba bidhaa inatimiza viwango vinavyosimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, na muuzaji aeleze kwa maandishi muda wa dhamana na mahali mpira na vali za akiba zinapopatikana. Jiko lisilo na mpira wa akiba kisiwani ni sanduku.

Tatu, wanachama wengi wa Pemba hawataki riba. Bei ya mauziano ya awamu na itajwe yote tangu siku ya kwanza, pamoja na gharama za uendeshaji, na isibadilike njiani. Kila awamu itolewe stakabadhi.

Nne, awamu zifuate majira ya mapato. Mwenye karafuu hulipa wakati wa mavuno, na mvuvi hulipa kwa mwezi. Ratiba moja kwa wote hutengeneza wadaiwa sugu bila sababu.

Tano, kianze kidogo. Majiko matatu kwa nyumba tatu zilizojitolea, kwa miezi mitatu, na daftari la vipimo likisomwa mbele ya mkutano. Ndipo mkutano uamue juu ya majiko thelathini.

Sita, wanachama waambiwe kisichowezekana. Jiko la lita sita halipiki karamu ya harusi. Siku hiyo masufuria makubwa na mafiga yatarudi uwanjani kama desturi, na hakuna atakayekuwa amevunja ahadi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kuongeza kuni chini ya sufuria iliyo wazi na inayochemka hakuilainishi nyama upesi zaidi?

2. Mpishi ametoa mvuke ghafla, na nyama ya beberu imekuwa kavu ingawa imeiva. Ni hatua gani aliiruka?

3. Katika nyumba za wanachama wa chama chenu, ni ngapi zinazonunua makaa au kuni, na ni ngapi zinazookota? Jibu liandikwe kwa idadi.

4. Kwa bei za sasa za kijijini kwenu, jiko litajilipa kwa wiki ngapi kwa nyumba inayopika kunde au maharage mara mbili kwa wiki na pweza mara moja?

5. Je, ni haki chama kutumia mfuko wake kumsaidia mwanachama anayeokota kuni? Wanaokubali na wanaokataa watoe sababu zao, na muhtasari wa mkutano uzitaje sababu zote mbili.

Kazi ya mwezi: Katibu achague nyumba moja yenye jiko la namna hii, apime vyakula vitano kwa njia iliyoelezwa katika sehemu ya sita, na ayasome matokeo katika mkutano ujao wa wanachama.